Nimeshikilia nafasi ya mwalimu mwaka mzima bila namba ya usajili ya TSC (Tume ya Huduma za Walimu). Sheria inasemaje?

Binti wa Maabara

Habari zenu walimu, na shikamooni mlio wakubwa.

Nina miaka 26, niko Kilifi, Kenya. Nina shahada ya sayansi, Kemia na Biolojia. Sikusomea ualimu. KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, nilipata B-, Kemia nikapata B na Biolojia B+.

Mei mwaka jana mwalimu mkuu wa shule ya upili ya kutwa iliyo karibu na kwetu alimpigia mamangu simu. Mwalimu wa Kemia alikuwa anaanza likizo ya uzazi, Kidato cha Nne hakina mtu, naye alikuwa amesikia kuna msichana amekaa nyumbani na shahada yake. Kesho yake asubuhi, saa moja na robo, nikakabidhiwa chaki, daftari la rekodi ya kazi na funguo mbili za maabara. Barua sikupewa. Niliambiwa, "Shikilia tu mpaka mwenyewe arudi." Malipo ni shilingi 12,000 kwa mwezi kutoka kwa bodi ya shule, na huja kwa M-Pesa, mara tarehe 5, mara tarehe 19.

Mwenyewe alirudi Septemba. Wiki hiyohiyo mwalimu wa Biolojia akapata uhamisho, na mimi nikaambiwa nishikilie Biolojia mpaka apatikane mwingine. Sasa ni Mei tena na hajapatikana. Nina vipindi 24 kwa wiki, naingia zamu kama wenzangu, nasahihisha mitihani, nasaini ripoti za wanafunzi.

Naipenda kazi hii, na nataka mjue hilo kabla sijaendelea. Muhula uliopita nilinunua mioyo mitatu ya mbuzi buchani kwa pesa zangu, tukaipasua mezani. Kijana mmoja ambaye hajawahi kuinua mkono tangu nimjue akatia kidole ndani ya aota akasema, "Kumbe ukuta wa upande huu ni mnene hivi kwa sababu unasukuma damu mwili mzima." Mchoro ulikuwa kitabuni mwake tangu Januari. Siku ile ndiyo aliuelewa.

Mwezi uliopita walikuja maafisa wa kukagua ubora wa masomo. Naibu wa mwalimu mkuu alinikuta mlangoni mwa darasa, akaniambia niende stoo ya maabara nikahesabu vifaa mpaka wageni waondoke. Nilihesabu bureti 14 na pipeti 19. Nikazihesabu tena. Kupitia dirishani nilikuwa nasikia Kidato cha Tatu wakipiga kelele, kipindi changu hakina mtu. Baadaye msichana mmoja alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, kwani umefanya kosa gani?" Nilikosa la kumwambia.

Naibu anasema mwalimu wa kushikilia hahitaji namba ya TSC, kwamba namba ni ya walioajiriwa na serikali. Je, ni kweli? Na kuna muda ambao mtu wa kushikilia hapaswi kuupita? Niambieni ukweli hata kama ni mchungu, kwa sababu usingizi umenipaa.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili kabla ya kuandika, kwa hiyo nivumilie, nina mengi.

Naibu wako amekosea. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012, kifungu cha 23, inasema mtu asifanye kazi ya kufundisha kama hajasajiliwa kuwa mwalimu. Imeishia hapo. Haikusema anayelipwa na TSC ndiye asajiliwe na anayelipwa na bodi asamehewe. Haikusema wa wiki mbili ni tofauti na wa miaka thelathini. Usajili na ajira ni milango miwili: wako maelfu ya walimu wenye namba ambao hawajaajiriwa na serikali, na hao ndio bodi inapaswa kuwatafuta kwanza inapotaka mtu wa kushikilia. Neno lenyewe "kushikilia" ni letu la mdomoni. Hutalikuta kwenye sheria hata ukisoma na taa.

Huo wa kukwambia ukajifiche stoo ndio ushahidi kwamba wanajua.

Sasa nikwambie mimi ni nani. Nilimaliza Kidato cha Sita mwaka 1983. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimefungwa baada ya lile jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, foleni ya wanaosubiri kuingia ikawa ndefu, na sisi tuliofuata tukakaa nyumbani. Nikachukuliwa na shule ya harambee, yaani ya michango ya wananchi, kuwa UT, mwalimu asiye na mafunzo. Zama hizo tulikuwa wengi. Shule nyingine za harambee walimu karibu wote walikuwa UT ukimtoa mkuu. Nilikuwa na miaka 19 nikifundisha vijana wa miaka 18. Niliipenda kazi kama unavyoipenda wewe. Na nilipokwenda kusomea ualimu baadaye ndipo nilipojua nilichokuwa nawafanyia wale watoto. Nilikuwa nafundisha wale watatu wa mbele wanaoitikia. Hakuna aliyekuwa amenionyesha namna ya kupanga swali ili yule wa nyuma alifikie, wala namna ya kujua kwamba darasa limenyamaza kwa sababu limepotea. Nilidhani kimya ni adabu. Kwa hiyo ninapokwambia mafunzo yana kazi yake, sisemi kwa kulinda mlango wa walioingia.

La pili ni zito zaidi. Nikiwa mkuu wa shule, nilimchukua kijana aliyehitimu uhandisi ashikilie Fizikia kwa wiki sita. Wiki sita zikawa mihula mitano. Kijana mzuri, hachelewi, hana neno na mtu. Siku moja mwalimu wa Kemia hayupo nikamwomba aingie na Kidato cha Pili maabara. Akawa anazimua asidi ya salfuriki, akamimina maji kwenye asidi badala ya asidi kwenye maji. Ikachemka ikaruka. Mtoto wa kike aliyekuwa mbele ilimuunguza mkono kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Alitibiwa akapona, ila kovu analo mpaka leo. Babake alipokuja hakupiga kelele. Alikaa ofisini kwangu akauliza swali moja: "Huyu ni mwalimu aliyesajiliwa?" Bodi ilikaa siku hiyo mpaka usiku. Kijana yule alikuwa analia nje kwenye benchi, na aliyestahili kulaumiwa alikuwa ndani, amekalia kiti cha mkuu. Mimi ndiye niliyemweka pale.

Ndiyo maana nakuomba usiichukulie namba ya TSC kama karatasi ya kutafutia mshahara tu. Inakulinda wewe likitokea la kutokea.

Kuhusu muda. Sheria ya TSC haikuweka idadi ya miezi kwa mwalimu wa bodi, na pengo hilo ndilo linaloliwa. Lakini tazama kilichokupata. Wewe uliitwa kushika kiti cha mtu aliye likizo ya uzazi. Kwa makubaliano ya TSC na vyama vya walimu ya 2021 hadi 2025, likizo hiyo ilipandishwa kutoka siku 90 mpaka siku 120. Kiti hicho kina mwisho unaojulikana, na kilikwisha Septemba. Ulichopewa baada ya hapo si kushikilia. Mwalimu wa Biolojia hakwenda likizo, amehamishwa, harudi. Hiyo ni nafasi wazi, na Katiba, Ibara ya 237, imempa TSC kazi ya kuajiri na kuwapanga walimu wa shule za umma. Kila muhula unaokaa pale kwa shilingi 12,000, pengo linazibika kimyakimya na hakuna anayeona haraka ya kulipigania. Sisemi mkuu wako ni mtu mbaya. Nimekaa kiti hicho. Unaamka asubuhi una watoto 45 na hakuna mtu wa Biolojia, unamshika yeyote aliye karibu. Ila baada ya mwaka, haraka imekuwa mazoea.

Ufanye nini? Habari njema ni kwamba hauko mbali. Una B- ya jumla. TSC kwa mwenye shahada inataka C+ ya jumla na C+ au zaidi kwenye masomo mawili utakayofundisha, nawe umepita yote. Kilichobaki ni mafunzo, yaani ile PGDE, stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo vyuo kadhaa hutoa, Kenyatta kikiwa kimoja. Ndani yake kuna mazoezi ya kufundisha, na hapo utakaa darasani halali, ukiwa na mtu wa kukukagua. Kabla hujalipa ada hata shilingi, peleka nakala ya matokeo yako ya chuo uhakikishe masomo yote mawili, Kemia na Biolojia, yana uzito wa kutosha kutambuliwa kuwa masomo ya kufundishia. Nimeona watu wamemaliza PGDE wakakwama hapo, na inaumiza. Ukimaliza unaomba usajili mtandaoni: vyeti vyote, fomu ya afya ya GP69 iliyojazwa na daktari wa serikali, cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi.

Na lipo jambo ambalo sijui kama mkuu wako amelifikiria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 59, inaipa bodi ya shule mamlaka ya kuajiri wafanyakazi wasio walimu. Hiyo bodi inaweza bila kuvunja chochote. Wewe una shahada ya Kemia na funguo za maabara tayari ziko mfukoni mwako. Shule yenu ina fundi wa maabara?

---

Bursar wa Zamani

Mama Mwalimu amemaliza upande wa usajili. Mimi nitasema la malipo kwa sababu nililipa walimu wa bodi miaka 11, na hizi M-Pesa za tarehe 5 na tarehe 19 nazijua.

Dada, usikubali kuitwa kibarua. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007 kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na hachukuliwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Wewe unalipwa kwa mwezi. Na kazi inayofikia miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, kifungu cha 9, na wa kuuandaa ni mwajiri, si wewe. Mkifika mbele ya mahakama naye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Na mtu wa mwezi haondolewi kwa kuambiwa "kesho usije". Kuna notisi ya siku 28, kwa maandishi.

Uliza pia makato. Kwa 12,000, NSSF ya pensheni ni 720, SHIF ya bima ya afya 330, ushuru wa nyumba 180. Zinabaki 10,770 mkononi. Kama unapata 12,000 kamili basi hakuna kinachopelekwa, na shule nayo ilipaswa kuongeza 720 na 180 za upande wake. Si pesa nyingi, lakini ni mwaka mzima ambao huonekani popote kwamba ulifanya kazi.

Ila sikufichi. Ukienda kudai haki kama mwalimu, watasimama na kile kifungu cha 23 alichokitaja Mama. Mshahara wa siku ulizofanya kazi dai bila woga. Kudai ubaki kwenye nafasi ya ualimu bila namba ni kesi ambayo mimi nisingekushauri uigharamie.

---

Mkilifi wa California

Salamu kutoka mbali. Mimi ni mtu wa huko, sasa nafundisha kwa kubadilisha huku California, yaani mwalimu akiumwa au akijifungua naitwa. Nimeona swali la muda nikaona niwaambie huku linavyokwenda, kwa sababu huku muda umeandikwa.

Kibali changu kinaitwa cha dharura cha siku 30. Ukiwa na shahada ya somo lolote unaweza kukiomba. Yangu ya Kenya ilibidi kwanza ipitiwe na shirika lililoidhinishwa kulinganisha shahada za nje, kisha nikachukuliwa alama za vidole. Ualimu si lazima uwe umesomea. Lakini wakati nilipokuwa na darasa nitakalowasimulia, sikuruhusiwa kukaa kwenye kiti cha mwalimu mmoja zaidi ya siku 30 katika mwaka wa shule, na kwa madarasa ya watoto wenye mahitaji maalumu zilikuwa siku 20. Baada ya hapo walipaswa kuleta mtu mwenye cheti kizito zaidi.

Mwaka juzi nilishika darasa la tano la mama aliyejifungua. Siku yangu ya 30 ilikuwa Alhamisi. Ijumaa watoto walikuwa wanawasilisha kazi za sayansi tulizojenga pamoja wiki tatu, mifano ya volkano na chujio za maji za mchanga. Nilimwomba mkuu siku moja tu. Alinisikiliza, akasema anaelewa, akasema hapana. Nilikaa kwenye gari nikalia.

Lakini nimefikiri sana tangu hapo. Ile siku ya 30 ilimlazimisha mkuu kutafuta mwalimu kamili mapema. Alianza kumtafuta nikiwa siku ya kumi na kitu, nilimsikia kwenye simu. Kama siku zisingehesabiwa, ningekuwa bado niko pale, nikiwa na mapenzi yote na hao watoto, bila kujua namna ya kumsaidia yule mmoja aliyefika darasa la tano hajui kusoma. Nilimgundua wiki ya pili. Nikampa vitabu vyepesi. Sikuwa na kingine cha kumpa. Aliyenifuata alijua aanzie wapi.

Dada, mimi nasema hivi: huko kwetu kizuizi kimewekwa mlangoni (namba), huku kimewekwa kwenye kalenda. Shule yenu imeruka mlango na kalenda haipo. Ndiyo maana unajiona hujui umesimama wapi.

---

Mama Pacha

Mimi ni yule anayeachiwa kiti. Mwalimu wa Hisabati na Kemia, mwaka wa nane kazini, nilijifungua pacha mwaka juzi, siku zangu 120 nikazimaliza.

Watu hudhani ukienda likizo ya uzazi TSC inatuma mtu. Kwangu hakutumwa mtu, na kwa wenzangu wote ninaowajua hakutumwa. Wenzako wanagawana vipindi vyako, au bodi inatafuta mtu. Nilikuwa nimelala na kidonda cha upasuaji, watoto wawili wananyonya kwa zamu, na bado naulizwa kwa WhatsApp nimpendekeze nani. Nilimpendekeza mhitimu wa ualimu mwenye namba aliyekuwa anauza mitumba sokoni akisubiri ajira. Alikuwepo. Wapo kila mji, dada, na hilo ndilo linaloniumiza kwenye hadithi yako. Sisemi umemnyang'anya mtu. Nasema mkuu wako hakumtafuta.

Niliporudi nilikuta rekodi ya kazi imejazwa kwa mwandiko mzuri, tarehe zote zipo, na kwenye mada ya moli ameandika kwa penseli pembeni: "Bado hawajaelewa, nimerudia mara mbili, tafadhali anza hapa." Nilimpigia simu nikamshukuru. Maneno hayo ya penseli yaliniokolea wiki mbili. Kama utatoka pale, waachie wenzako kitu kama hicho. Na kama kuna Kidato cha Nne wa Kemia mnasaidiana na mwenyewe, mtihani wa vitendo una alama 40, usiwaache katikati ya mazoezi.

---

Binti wa Maabara

Asanteni. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza niongee na mwalimu mkuu, nije na habari.

Nilikwenda Jumatatu baada ya gwaride. Nilikuwa nimeandika mambo yangu kwenye karatasi kwa sababu nikiongea naye peke yake huwa natetemeka. Nikamwambia, mwalimu, sina namba, na nimesoma kifungu cha 23, na sitaki tena kujificha stoo. Alinyamaza muda. Halafu akavua miwani akaniambia yeye pia hajalala vizuri tangu siku ile ya wakaguzi, na kwamba aliposikia naibu amenipeleka stoo aliona haya. Sikutarajia hilo. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

Nikamwuliza swali lako, Mama Mwalimu. Shule haina fundi wa maabara. Aliyekuwepo aliondoka kabla ya korona, tangu hapo mwalimu wa Kemia ndiye anayeandaa kila kitu mwenyewe, mpaka kuosha vyombo. Mwalimu mkuu alichukua kalamu akaliandika hilo. Amesema atalipeleka kwenye bodi Alhamisi ya wiki ijayo: niajiriwe fundi wa maabara kwa barua na makato yote, na nafasi ya Biolojia itangazwe kwa wenye namba, huku yeye akiandika tena TSC kuhusu pengo. Mshahara hatujaongea. Bursar, nitakwenda na hesabu yako.

Wanafunzi nimewaambia jana, Kidato cha Tatu. Niliwaambia ukweli wote, kwamba sijasomea kuwafundisha na ninakwenda kusomea. Yule kijana wa moyo wa mbuzi aliinua mkono. Aliuliza kama fundi wa maabara anaruhusiwa kupasua moyo.

Mama Mwalimu, nina maswali mawili na nitaacha kukusumbua. Nakala zangu za chuo zinaonyesha Kemia nyingi kuliko Biolojia, karibu mara mbili. Je, ni chuo nitakachosomea PGDE kitakachoniambia kama Biolojia inatosha, au niulize TSC moja kwa moja? Na Biolojia hii ya Kidato cha Tatu, atakayekuja nimwachie nini zaidi ya rekodi ya kazi?

---

Mwalimu Mstaafu

Uliza kote kuwili, mwanangu, na jibu la TSC lipate kwa maandishi, kwa sababu hao ndio watakaokusajili. Chuo kinaweza kukupokea na usajili ukakwama.

Atakayekuja mwachie orodha ya majina ya darasa zima, na mbele ya kila jina mstari mmoja. Huyu anaogopa kuulizwa mbele ya wenzake. Huyu haoni ubaoni, hana miwani. Huyu amefiwa Machi. Huyu anaelewa akishika kitu mkononi. Andika kwa kalamu. Penseli inafutika.

Na kuhusu ule moyo wa mbuzi, mwambie kijana fundi huandaa meza, akanoa visu, akakaa karibu. Mwalimu ndiye anayepasua na darasa. Utauandaa wewe.